Kodiani Iliyongoja Miguu

Mimi sina ugomvi na muziki. Nimezaliwa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kwetu mtoto huujua mganda, ngoma yetu, kabla hajajua kujivalisha kaptura. Lakini fleti yetu hapa Greyville, Durban, ilijengwa kwa ajili ya familia moja, kisha mwenye nyumba akaikata kwa mbao ikawa vyumba vitano, na kupitia mbao hizo unamsikia mwenzio mpaka anavyomeza maji. Kwa hiyo Papa Séverin alipohamia chumba cha mwisho, na begi moja la nguo na sanduku kubwa jeusi, sikungoja akifikie kitanda. Nilimsimamisha palepale jikoni nikamwuliza ndani ya sanduku mna nini.

"Iko accordéon," akasema.

"Unaipiga?"

"Minaipiga, Maman Matilda. Mais kidogo tu."

Hakuna kodiani inayopigwa kidogo tu, hiyo nilikuja kuijua baadaye. Lakini alikuwa ameshaniita mama, na mimi ni msusi, nilikuwa nimesimama saluni tangu asubuhi na miguu inawaka moto. Nikamwacha apite.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mkavu, ameshapita sitini. Kazi yake ilikuwa kulinda magari juu kule Berea, kwenye maegesho yaliyo kati ya maduka na ukumbi wa kanisa moja la zamani. Unawajua hao watu wenye vesti za njano wanaokuonyesha kwa mkono rudi, rudi, simama, kana kwamba bila wao ungeligonga kanisa. Mkewe alifariki Bukavu kabla yeye hajatoka. Binti yake, Laetitia, yuko Canada na mumewe, na kwa jinsi alivyolitamka jina hilo nilijua simu haziji mara nyingi. Papa Séverin alikuwa mpweke, na sisemi kwa mafumbo. Alipika kisufuria cha fufu, akala amesimama, akaosha, akaingia ndani. Siku nyingine neno pekee alilokuwa amemwambia binadamu tangu asubuhi lilikuwa "sharp," yaani sawa, nalo alimwambia mtu aliyeshaanza kupandisha kioo cha gari.

Kodiani alifundishwa utotoni kanisani kwao, kanisa lililoanzishwa na wamisionari wa Ulaya ya kaskazini, ambako kwaya bila kodiani haikuwa kwaya. Alipofika Durban akaenda kusali na Wakongo wenzake, akawapigia kwa muda mrefu. Kisha vijana wakaleta kinanda cha umeme chenye ngoma humohumo ndani, na mchungaji akamwambia, "Papa, pumzika kidogo." Pumziko hilo halijaisha mpaka leo. Hakugombana na mtu. Alihamia benchi la nyuma, mikono mapajani, vidole vikitembea juu ya suruali wakati wenzake wanaimba.

Sasa sikiliza alivyopata watu.

Jumamosi moja mchana, akiwa kwenye magari yake, alisikia njuga. Njuga, katikati ya Berea! Akasogea kwenye dirisha la ukumbi. Ndani mlikuwa na wazungu sita wazee, wanaume kwa wanawake, wamevaa nyeupe tupu, njuga zimefungwa chini ya magoti, vitambaa vyeupe mikononi, wanaruka. Muziki hakuna. Mzee mmoja mnene mwenye ndevu ndiye aliyekuwa anaimba "la la la" huku anaruka, pumzi ikimkatika anaidaka, anaendelea. Mpiga fidla wao alikuwa amefariki mwaka ule, na hawakupata mwingine. Mzee mwenye ndevu alikuwa Bwana Hardy, fundi bomba mstaafu, ndiye kiongozi wao. Aliyecheza mbele yake, mwembamba na mwepesi, alikuwa mkewe, Bi Constance.

Papa Séverin aliniambia alisahau magari kabisa. Akaingia na vesti yake ya njano, akawaambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba yeye ana kodiani. Jioni ile alinikuta jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie alivuta kiti akakaa.

"Maman Matilda, bazungu nabo iko na ngoma!"

Nilicheka. Kisha alivyozidi kunieleza nikaacha kucheka, maana habari hiyo niliielewa kuliko alivyotarajia. Ngoma hiyo wenyewe wanaiita morris, nayo ni ngoma ya vijiji vya Uingereza. Wimbo unaweza kuwa mmoja na jina moja, lakini kijiji hiki kinaupiga hivi na kile kinaupiga vile. Hapa wanaruka kwa mguu mmoja, pale kwa miwili. Hawa wanaanza kugeuka kulia, wale kushoto. Mpigaji wa huku akienda kuwapigia wa kule bila kuuliza, watu watagongana vifua. Mganda wetu ni hivyohivyo. Liuli na Mbamba Bay wote wanavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wote wanapiga ngoma ileile, na bado kijana wa Liuli ukimpanga kwenye mstari wa Mbamba Bay utamjua kwa visigino. Watu wameshanyimana mabinti kwa mambo hayo. Basi hatua za Bwana Hardy zilitoka kijijini kwa babu yake, aliyeshuka Durban na meli na kuwafundisha watoto wake ili wasisahau walikotoka.

Siku ya kwanza Papa Séverin aliharibu. Wimbo aliudaka upesi kutoka mdomoni kwa Bwana Hardy, lakini aliupiga kikanisa. Kwao mpigaji ndiye anayeongoza, anakwenda moja kwa moja mpaka amina, na kwaya ikichelewa ni shauri yake. Kumbe katika ngoma hii mna mahali ambapo wachezaji wanaruka juu kwa nguvu zao zote, na mpigaji lazima aivute sauti, aishike, mpaka miguu irudi chini. Yeye hakushika kitu. Wazee wa watu wakawa bado wako hewani wimbo umeshafika ubeti wa pili, na Bi Constance akashukia mguu wa jirani yake. Bwana Hardy hakukaripia. Alikigeuza kiti cha Papa Séverin kiwaelekee, akamwambia, "Usitazame vidole. Tazama miguu."

Akatazama miguu. Akaijua kama mimi ninavyojua vichwa vya wateja wangu, nani ana kovu, nani hapendi kuvutwa. Siku za Jumamosi akawa anapiga pasi shati jeupe, na chini ya sinki pakaanza kuonekana dawa ya viatu. Nilimwuliza kuna nini cha ajabu kwa wazee wanaoruka.

"Banasimama, Maman. Banapanga mustari, banashika vitambaa, kisha banainua macho bananiangalia mimi. Kama mi siyaanza bado, hakuna mwenye anaruka. Unaelewa? Banangoja mimi, na mi minangoja bao."

Nilielewa vizuri sana. Nani ananingoja mimi katika mji huu, zaidi ya mteja ambaye nywele zimeshamharibikia?

Katika wimbo wao wa vitambaa palikuwa na mahali pamoja ambapo Papa Séverin aliishika sauti kupita kiasi. Ilikuwa baada ya mruko wa pili. Nilikuwa naisikia kupitia mbao akifanya mazoezi: wimbo unakwenda, unapanda, halafu unasimama kama mtu aliyefika mlangoni na anamsubiri mwenzake afunge viatu. Kisu changu kilikuwa kinasimama juu ya kitunguu. Nikimwuliza, alikuwa ananieleza kwa kiburi cha mwalimu mkuu.

"Njo hivi balikuwaka banapiga mu kijiji ya babu ya Hardy. Bijiji ingine haiko hivi. Yote inashuka, kisha chef, mukubwa yao, anashuka wa mwisho, kwa heshima yake. Iko ya kwao peke yao."

Aliwaeleza hivyo Wakongo wenzake wanaokaa ngazini kwetu, akamweleza na mchungaji wake, ambaye alisema amina bila kuelewa.

Miaka ikaenda. Wazee wale wakapungua. Mmoja alimfuata mwanawe Australia, mmoja alivunjika nyonga, mmoja alifariki usingizini. Walibaki Bwana Hardy, mkewe na bibi mmoja kiziwi aliyekuwa anacheza kwa kutazama mabega ya wenzake. Papa Séverin aliacha kuniambia habari za Jumamosi. Alirudi mapema, akaliweka sanduku chini taratibu, nami nikawa namkuta jikoni anatazama maji yanayochemka bila kuweka kitu ndani. Niliona anachokiogopa, hata kabla hajakisema. Kundi likifa, atarudi kuwa vesti ya njano tu.

Ndipo akaja Yvette. Alikuwa mwalimu wa dansi, mzaliwa wa hapahapa Durban, ambaye alikaa Uingereza na kucheza morris katika kijiji kilekile cha babu yake Hardy. Alikuja na vijana watatu wenye miguu ya swala. Papa Séverin aliingia nyumbani siku hiyo anaimba. Bwana Hardy naye alifurahi mpaka akalia, anasema babu yake amerudi. Lakini furaha haikumpa muda. Kabla ya Pasaka moyo wake ulimwangusha bafuni, akapelekwa hospitali, na mazoezi yakaendelea bila yeye.

Jumamosi ya kwanza bila yeye walipanga mstari, Bi Constance akiwa wa mbele. Papa Séverin akapiga wimbo wa vitambaa, ambao vijana walikuwa hawajaufikia bado. Wakaruka wa kwanza, wakaruka wa pili, wakashuka wote kwa pamoja, tap! Na kodiani ikaendelea kushika sauti. Vijana wakabaki wameinama kidogo, vitambaa vinaning'inia, hawajui waende au wakae. Mmoja akacheka. Yvette alisimamisha ngoma, akamwuliza kwa adabu ametoa wapi hiyo.

"Kijijini," Papa Séverin akamjibu.

Yvette akamwambia yeye amekicheza kijiji hicho, amelala humo, amekula humo, na mahali hapo hapana kungoja.

Papa Séverin alimgeukia Bi Constance, maana alikuwa na hakika atamtetea. Bi Constance alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Akasema polepole kwamba lile lilikuwa goti la Hardy. Alianguka kutoka paani akitengeneza tangi la maji, akiwa bado kijana wa kazi, na goti halikupona sawasawa. Tangu siku hiyo anaruka na wenzake lakini anachelewa kushuka, kwa kuuogopa mguu ule. Mpiga fidla wa zamani alianza kumngoja, na wao wenzake wakajifunza kuinama kidogo na kumngoja. Na Papa Séverin aliupokea wimbo kutoka mdomoni kwa Hardy mwenyewe, ambaye alikuwa anajiimbia kwa kipimo cha goti lake. Bi Constance alisema alidhani Papa Séverin anajua.

Aliponisimulia alijaribu kucheka. "Eish, Maman. Miaka yote ile minafundisha batu goti ya mutu."

Aibu hiyo angeimeza. Yaliyomshinda kumeza yalikuwa maneno ya Yvette baada ya hapo, na nina hakika binti wa watu aliyasema kwa nia njema. Alimwomba ajaribu kupiga kama wanavyopiga kijijini, bila kungoja, kwa sababu vijana wanapata shida. Akaongeza kwamba asihangaike, ikimshinda, wimbo wenyewe Yvette anao kwenye simu, watafunga spika. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Papa Séverin alisikia, "Papa, pumzika kidogo."

Bwana Hardy alifariki hospitalini wiki ileile. Wachezaji hao wana desturi ya mazishi: baada ya ibada wanacheza nje kwenye majani, na nafasi ya marehemu inaachwa wazi. Hakuna anayeisogelea. Wanaizunguka, wanaipisha, wanaipungia vitambaa kana kwamba mtu yupo. Walikubaliana kuucheza wimbo wa vitambaa, na Yvette akaomba upigwe kama kijijini hasa, safi, ili kumheshimu mzee na babu yake.

Wiki nzima Papa Séverin alifanya mazoezi. Nilimsikia kupitia mbao akifika mahali pale, anasimama, anajikemea kwa Kifaransa, anarudia. Vidole vilikuwa vimeshazoea kumngoja Hardy. Kufika Ijumaa vikatii, wimbo ukapita pale bila kugeuka nyuma. Mimi niliyeulalamikia moyoni miaka yote niliutamani ule mkawio, lakini nikaendelea kukata kitunguu changu. Hayakuwa mambo yangu, nikajiambia.

Aliniomba nimsindikize mazishini. "Ku deuil mutu haendake peke yake," alisema, "na mi siko na batu." Nikafunga saluni, nikavaa gauni langu la Jumapili, tukapanda Berea kwa miguu, mimi nikimsaidia sanduku kila tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani.

Mazishi ya hao watu hayana kilio. Hakuna anayejitupa chini, hakuna anayemwuliza marehemu amemwachia nani. Wanakohoa. Mimi nililia kidogo ili pasiwe patupu. Kisha tukatoka kwenye majani, wakapanga mistari miwili: Yvette na vijana wake watatu, na Bi Constance na njuga zake, uso mkavu, bibi kiziwi akitazama kutoka kitini. Mbele yake, mahali ambapo mumewe alisimama tangu walipooana, palikuwa na majani tu.

Papa Séverin alikaa kwenye kiti, kodiani mapajani. Wakainua macho wakamtazama. Akaanza.

Alipiga vizuri. Sijawahi kumsikia akipiga vizuri vile. Wakaruka wa kwanza. Wakaruka wa pili, vitambaa vikapanda vyote juu, vikashuka, miguu yote ikagonga ardhi kwa sauti moja, na kodiani ikaendelea mbele, laini, bila kusimama hata kidogo. Watu walipumua kwa kuridhika. Nami nilimwona Bi Constance. Alikuwa ameinama kidogo, macho kwenye majani yaliyo mbele yake, anangoja. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Ilimbidi akimbie hatua mbili kuwafikia.

Walipomaliza, makofi. Yvette alimkumbatia Papa Séverin, akamwambia hivyo ndivyo kijijini, hivyohivyo, na kwamba sasa kundi lina mpigaji wake kwa miaka yote ijayo. Niliona mabega ya mzee yanashuka kwa nafuu. Tukaletewa chai na vipande vya mkate vilivyokatwa pembe tatu, msiba mzima hauna hata sufuria ya wali. Nilikuwa natafuta pa kuweka kikombe ndipo Bi Constance alipokuja. Alimshukuru kwanza. Alishika mkono wake. Kisha akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hukumngoja."

Bi Constance akampigapiga mkono, akaenda kuwaaga wengine.

Tuliteremka kuelekea Greyville. Sanduku alilibeba mwenyewe, alikataa nilishike. Chini kidogo akasimama, akalitua kwenye ukingo wa ukuta.

"Niliogopa, Maman Matilda. Ile sauti ilikuwa mu vidole, ilikuwa inakuya yenyewe. Mi njo niliizuia. Niliogopa banifukuze, nibaki tena peke yangu."

Nilitaka kumfariji kwa uongo, kwamba hakuna aliyegundua. Lakini mimi si mtu wa uongo mtamu, na aliyegundua alikuwa ndiye pekee aliyestahili. Nikamwambia, "Pole, baba." Ndilo neno nililokuwa nalo.

Bi Constance hakurudi ukumbini. Binti yake alikuja kumchukua, wakaenda kuishi Cape Town. Bibi kiziwi naye aliacha. Kundi sasa ni la vijana, limeongezeka, wanaalikwa kucheza huku na huku, na kwenye picha zao Papa Séverin anakaa katikati na kofia yenye maua. Kila Jumamosi anapiga pasi shati jeupe. Kila Jumamosi wanamrudisha kwa gari mpaka mlangoni, wanampungia mkono, wanamwita kwa jina.

Juzi alirudi wakati napakua. Nikamwuliza ngoma ilikuwaje. Akakaa, akaitazama sahani niliyomsogezea.

"Iko bien. Bananipenda sana bale batoto. Banaruka bote pamoja, banashuka bote pamoja." Akachukua kijiko. "Mu ule mustari muzima, Maman, hakuna hata moja mwenye iko na lazima mi nimungoje."